Damu safi, mwili wauma: Mgonjwa aaminiwe

WAHENGA walisema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Nimeukumbuka usemi huo mara nyingi nikiwa kwenye benchi za zahanati hapa Kitengela, nikingoja kuambiwa kwa mara nyingine kwamba damu yangu ni safi na sina ugonjwa wowote.

Mimi ni mwalimu. Kwa muda wa miaka minne niliamka kila asubuhi nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Leo maumivu yalikuwa mabegani, kesho kiunoni, keshokutwa magotini na kwenye nyayo. Mwezi wa Julai, upepo wa baridi unapovuma kutoka nyanda za Athi, hata shuka iliniumiza ngozi. Kichwa kiligonga, tumbo lilichafuka, vidole vilikufa ganzi. Lakini kilichonitia hofu zaidi ni kusahau. Siku moja nilisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, nikakosa jina la mtoto niliyemfundisha mwaka mzima.

Kila dalili ilinipeleka kwenye mlango wake. Kwa sababu ya kichwa nilipimwa macho. Kwa sababu ya tumbo nilipewa dawa za vidonda. Kwa sababu ya ganzi nilipimwa sukari. Nayo maumivu ya mwili mzima yalipewa jina ambalo kila mkazi wa Kajiado analijua: brusela. Nilimeza doksisaiklini na rifampisini kwa wiki sita. Maumivu hayakuondoka. Nilipimwa tena, nikaambiwa brusela imerudi, nikameza dawa wiki sita nyingine. Mara ya tatu nilikataa.

Nieleweke vyema. Brusela si hadithi. Kaunti yetu ni ya wafugaji, na ugonjwa huo huambukizwa kupitia maziwa mabichi na kwa kuwahudumia mifugo wagonjwa wanapozaa au kutupa mimba. Tatizo ni kipimo cha haraka ambacho kimetumiwa kwa miaka mingi katika zahanati zetu. Watafiti waliokichunguza katika vituo vya afya humu nchini walichapisha matokeo yao mwaka wa 2017, wakaonyesha kwamba wengi wa wale walioambiwa wana brusela hawakuwa nayo. Ni watu wangapi kati ya Kitengela, Isinya na Kajiado mjini ambao wametumia fedha za karo kununua dawa za ugonjwa wasiokuwa nao?

Mwishowe nilimwona daktari wa magonjwa ya viungo jijini Nairobi. Hakuanza na sindano. Aliniuliza, "Mwalimu, unalalaje?" Katika miaka yote minne hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Alinisikiliza, akanikagua, akasoma vipimo vyote nilivyobeba, kisha akasema nina fibromialjia.

Fibromialjia si ugonjwa wa kubuni. Shirika la Afya Duniani linautambua katika orodha yake ya magonjwa. Nchini Kenya, madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta wamewachunguza wagonjwa wao na kuupata miongoni mwao. Huwapata wanawake zaidi, ingawa wanaume hawajaepuka. Mwanamuziki wa Marekani Lady Gaga alitangaza mwaka wa 2017 kwamba anao, kwa hivyo si ugonjwa wa maskini wala wa wavivu.

Wataalamu wanaeleza kwamba misuli na viungo vyenyewe havijaharibika. Kasoro imo katika jinsi ubongo na neva zinavyopokea habari za maumivu. Ni kama king'ora cha nyumba kinacholia paka anapopita, kana kwamba mwizi amevunja mlango. Ndiyo sababu damu huonekana safi na picha za eksirei hazionyeshi kitu. Ndiyo sababu pia usingizi, tumbo, kichwa na kumbukumbu huathirika pamoja. Zamani, kwa kufuata mwongozo wa mwaka wa 1990, daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili na kutafuta angalau 11 zenye maumivu. Tangu mwaka wa 2010 mwongozo mpya unamtaka aulize zaidi: maumivu yameenea wapi, yamedumu miezi mitatu au zaidi, na usingizi, uchovu na kumbukumbu vikoje.

Maswali hayo hayahitaji mtambo wa mamilioni. Yanahitaji dakika chache na sikio. Hapo ndipo penye malalamiko yangu. Mabingwa wa magonjwa ya viungo ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi. Haifai mama wa Mashuuru au Namanga asafiri hadi huko ili aulizwe analalaje. Serikali ya kaunti iwafunze maafisa wa kliniki na wauguzi wake kuutambua ugonjwa huu. Aidha, mgonjwa asipewe dawa za brusela kwa mara ya pili kabla ya kipimo cha uhakika kufanywa.

Hata hivyo, msomaji asikimbilie kujipa jina hili mwenyewe. Anayepata homa, anayekonda bila sababu au ambaye viungo vyake vimevimba anahitaji uchunguzi mwingine. Tena visima vingi vya Kajiado vina madini mengi ya floraidi, yaleyale yanayotia meno rangi ya kahawia, na yakizidi mwilini kwa miaka mingi huumiza mifupa. Daktari ndiye wa kupambanua.

Ugonjwa wangu hauna dawa ya kuung'oa, lakini una nafuu. Mimi hunywa kidonge kidogo cha amitriptilini usiku kwa maagizo ya daktari, na usingizi umerudi kiasi. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni hazishauriwi kwa ugonjwa huu, na zile sindano za haraka za dukani nimeachana nazo. Kinachosifiwa zaidi na wataalamu ni mazoezi. Nilianza kwa kutembea dakika tano jioni, nikirudi ninalia. Sasa natembea nusu saa. Siku ninapojiona mzima na kufua nguo zote kwa mkupuo, hulipa kwa siku tatu kitandani. Polepole ndio mwendo, nami nimejifunza hivyo kwa uchungu.

Lakini kilichonisaidia kabla ya kidonge ni kuaminiwa. Jamaa zangu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba nimekuwa mvivu, wengine kwamba nimerogwa. Mume wangu alinyamaza tu, na kimya hicho kiliniuma kuliko nyonga. Siku daktari alipomweleza, alirudi nyumbani akachukua ndoo ya maji mkononi mwangu bila kusema neno.

Kwa hivyo, ewe daktari, mwalimu mkuu, mwajiri na mume, mtu akikuambia anaumwa na karatasi ya maabara inasema haumwi, usiharakishe kuiamini karatasi. Mvutie kiti, umuulize analalaje.