Sufu kabla ya koleo
Kitufe cha akodiani kilichopanda juu ya vingine mara nyingi hakina kasoro chenyewe, kwa kuwa kimeshikwa na mkono mwembamba wa chuma unaopinduka kwenye egemeo na kubeba, upande wa pili, kifuniko, yaani kibao kilichovikwa sufu iliyoshindiliwa na ngozi ili kuziba tundu la hewa. Sufu ikibonyea, kifuniko hushuka na kitufe hupanda. Kwa hiyo fundi anayeukunja mkono huo kwa koleo kabla ya kukagua sufu huyaridhisha macho tu, huku kifuniko kikikaa upande, hewa ikivuja na noti ikilia bila kubonyezwa. Unguja, ambako ala hii imezoeleka katika taarabu, unyevu wa bahari huzitia kutu springi zinazokaza vifuniko hivyo, na springi iliyoliwa na kutu yastahili kubadilishwa, kwani kuikunja upya huweza kuivunja.