Ajali Ina Kinga

Hapana methali itumiwayo vibaya katika nchi yetu kuliko ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Lori likiacha barabara karibu na Salama, au basi likiangukia mtaroni katika njia ya Kitui, watu hukusanyika, hushika tama, na mmoja husema, "Breki zilikataa." Mwingine huitikia kwa methali ile, na hapo shauri huwa limekwisha. Mimi nasema kwamba maneno hayo mawili ni adui wa wasafiri, kwa kuwa huyazika makosa kabla hayajachunguzwa.

Siku moja kijana wa darasa langu, hapa Makueni, alileta picha ya motokaa ya mashindano yenye breki za kaboni na kauri. Akasema, "Mwalimu, laiti malori yetu yangekuwa na breki hizi, watu wasingekufa." Wenzake wakampigia makofi. Nampenda kijana yule, maana hakukubali kifo kiwe desturi. Lakini dawa aliyoitaja siyo, nami sina budi kueleza kwa nini.

Breki hizo ni kazi ya ufundi mkubwa. Nyuzi za kaboni huokwa katika tanuri, kisha hunyweshwa silikoni iliyoyeyuka, likatoka sahani gumu mno lenye uzito upatao nusu ya sahani la chuma. Mnamo mwaka 2001 kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilizitia katika motokaa yake iitwayo 911 GT2. Katika uwanja wa mashindano, dereva akanyagapo breki kwa nguvu mzunguko baada ya mzunguko, chuma huchoka kwa joto, bali kauri hustahimili. Huko ndiko kwao, na huko zastahili sifa.

Lakini barabarani mambo ni mengine. Gari halisimamishwi na breki peke yake. Husimamishwa na mshiko wa mpira juu ya njia. Breki za kawaida zilizo nzima zaweza kuyafunga magurudumu mpaka yateleze. Zikisha kufika hapo, hata ukitia breki za dhahabu, gari halitasimama upesi zaidi kwa mara ile moja. Sembuse katika njia zetu za mchanga na changarawe! Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda mbio za Safari kwa Volvo iliyokuwa na breki za chuma za mtindo wa kale. Kilichomfikisha ni akili, mikono, na gari lililotunzwa.

Sasa tulitazame lori. Kazi ya breki ni moja tu, kuugeuza mwendo kuwa joto. Lori la tani 20 likishuka mteremko wa mita 200 kwenda chini, kama ishukavyo njia ya vilima vya Mbooni au Kilungu, na likizuiwa kwa breki peke yake, joto litakalozaliwa latosha kuchemsha madumu sita hivi ya maji, yale ya lita 20 tubebeshayo punda wetu. Joto hilo lote litakwenda wapi, kama si katika vyuma na pedi? Tena ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu itakayopasa kuzuiwa huwa mara nne. Ndiyo maana dereva mwenye hekima huingiza gia ndogo kabla hajaanza kushuka, ili injini ishike mzigo. Asiye na hekima hutoa gia kabisa, lori lijishukie lenyewe, ili abakize dizeli ya shilingi chache.

Naliona jambo hilo kwa macho yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nilipewa nafasi katika lori la maembe. Tulipoanza kushuka, dereva akatoa gia. Baada ya kitambo nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Utingo akaruka chini na gogo lake la kuzuia gurudumu. Gogo likasagika, naye mguu wake ukasagika pamoja nalo. Lori likajikita katika ukingo wa udongo, mimi na dereva tukatoka wazima. Baadaye utingo alinieleza, akiwa kitandani, kwamba majuma matatu kabla ya hapo alimwambia mwenye lori kuwa pedi zimekwisha. Mwenye lori alipokuja kumtazama alisema nini? Alisema, "Pole, ajali haina kinga."

Je, breki zile zilikataa ghafula? La, zilikuwa zimekataa kwa majuma matatu, na kila mtu alijua. Nami sijitoi katika lawama. Niliisikia harufu, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimebebwa bure.

Wako watakaonijibu kwamba sisi ni maskini, na pedi mpya ni ghali. Nami nauliza: mguu wa utingo ni bei gani? Fedha za breki za kauri za motokaa moja zaweza kuwanunulia wenye malori wengi pedi mpya, na zikabaki. Wala sheria haikosekani. Mwaka 2004 matatu zililazimishwa kutozidi kilomita 80 kwa saa na kuwa na mikanda ya abiria. Na magari ya biashara yapasa kukaguliwa kila mwaka. Lau ajali isingekuwa na kinga, sheria hizo zingekuwa za nini? Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Basi ninyi vijana, ambao kesho mtakuwa madereva, mafundi, na wenye magari, yapendeni maarifa mapya, lakini msiyafanye kisingizio cha kudharau wajibu wa zamani. Na leo hii, mkiwa abiria tu, mkiona gia imetolewa mteremkoni au mkisikia harufu ya kuungua, semeni. Mtaitwa watoto wasio na adabu. Afadhali jina hilo kuliko ukimya wangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na kuna kuta ambazo, zikisha kuanguka, hazijengeki tena.