Ishara au Mbiu? Kiinitete cha Nzi na Kazi ya Mwanaistilahi

Kuna kauli isiyokoma kusikika katika kumbi za mihadhara: kwamba istilahi za sayansi ni shughuli ya wanasayansi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili akishafungua kamusi na kuliona neno, kazi yake imekwisha. Kauli hii ina udhaifu mkubwa. Istilahi hubeba nadharia ndani yake, na ikibeba nadharia iliyopitwa na wakati, msomaji hupotoshwa kabla hajaifikia sentensi ya pili. Mfano mwafaka ni neno "ishara" linavyotumiwa kueleza jinsi seli zinavyoelekezana ndani ya kiinitete.

Katika matumizi ya kawaida, ishara ina maana iliyokwisha kukubaliwa. Mtu akitikisa kichwa, amekataa. Taa nyekundu ikiwaka barabarani, magari husimama (ingawa madereva wa matatu wana tafsiri yao). Maana imo ndani ya ishara yenyewe, na mpokeaji hana la kufanya ila kutii. Je, hivyo ndivyo zifanyavyo seli? Jibu limetoka kwa mdudu ambaye kila aliyewahi kuacha ndizi mbivu mezani anamfahamu, yaani nzi wa matunda.

Yai la nzi huyu lina urefu wa nusu milimita hivi, na kwa muda wa takriban siku moja hutoa buu. Mwanzoni halina hata kuta za kutenga seli. Viini hugawika mara 13 ndani ya ute mmoja hadi vikafika 6,000 hivi, ndipo utando unapokizingira kila kimoja. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, waliofanya kazi pamoja mjini Heidelberg, Ujerumani, walizitambua jeni nyingi zinazoupanga mwili huo, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na Edward Lewis. Mbinu yao ilikuwa kuharibu jeni na kutazama kilichopungua mwilini. Ilizaa matunda mengi, lakini haikuweza kujibu kila swali. Jeni likishaharibika, ujumbe wake hukosekana moja kwa moja. Mtafiti hawezi kujua kama ujumbe huo ulihitajika kwa nusu saa au kwa saa nzima, wala kama ungefaa mahali pengine.

Mwanga ndio uliofungua mlango huo. Katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, Heath Johnson, Jared Toettcher na wenzao walishughulikia mfululizo wa protini unaozihusisha Ras na Erk. Katika kiinitete kichanga cha nzi, mfululizo huo huamshwa kwenye ncha mbili, ya kichwani na ya mkiani. Watafiti hao walichukua kipande cha protini ya oti, ile nafaka ipikwayo uji. Protini hiyo ndiyo huusaidia mmea kupinda kuelekea kwenye mwanga. Kipande hicho hubadilika umbo kinapopigwa na mwanga wa buluu. Kikapachikwa kwenye utando wa seli, kwa namna ambayo mwanga ukiwaka hukinasa kiamshi cha Ras, na ukizimwa hukiachilia. Hivyo ujumbe wa seli ukawa kitu cha kuwashwa na kuzimwa mithili ya taa ya chumbani, mahali na wakati aupendao mtafiti.

Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba kuiamsha Erk pasipo pake kati ya saa ya kwanza na ya nne baada ya yai kurutubishwa huuvuruga vibaya mpangilio wa mwili. Baada ya hapo, ujumbe uleule hupita na kiinitete kikaendelea na shughuli zake kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2019 lilikuja jambo la ajabu zaidi. Mwanga wa dakika 30 uliziongoza seli kuwa za aina fulani ya tabaka la nje. Ulipotimia angalau saa moja, seli zilifuata njia ya kuwa utumbo. Tena seli hazikupima urefu wa mmweko mmoja, bali zilijumlisha kiasi chote cha Erk iliyoamshwa.

Kisha, mwaka 2020, wakachukuliwa viinitete vilivyokosa kabisa ujumbe wa nchani, ambavyo kwa kawaida hufa. Vikaangazwa kwenye ncha zake kwa dakika 90. Baadhi vikawa mabuu, vikawa nzi kamili, na nzi hao wakazaa. Na mwanga uliotumika haukuiga ule mteremko laini wa ujumbe wa asili, mkali nchani na hafifu kuelekea katikati. Ulikuwa wa kuwaka au kuzimika tu, nacho kiinitete kikaelewa.

Hapa ndipo neno "ishara" linapoelemewa. Protini ni ileile na mwanga ni uleule, lakini matokeo ni tofauti kwa kutegemea mahali, saa na kiasi. Maana haimo katika kinachopelekwa. Imo katika hali ya anayepokea. Waswahili wana neno linalokaribia dhana hii, nalo ni mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, wasema wahenga, wala hawakusema ni jambo gani. Anayeisikia ndiye anayepaswa kujua yupo wapi, ni saa ngapi, na imelia kwa muda gani.

Patakuwa na wapinzani, na hoja zao si za kupuuzwa. Ishara imekwisha kuzoeleka, na istilahi iliyozoeleka haing'olewi kwa urahisi. Wengine watadai kwamba mbiu inaipa seli masikio na akili. Lakini ishara nayo ni ya watu. Ukongwe wa matumizi ndio unaoficha sitiari yake. Hoja nzito zaidi ni kwamba sayansi nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo mjadala huu hauna mlaji. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini urasmi huo haujafika katika maabara ya shule. Umefika, hata hivyo, hospitalini, ambako daktari na mgonjwa mara nyingi hawana lugha nyingine ya kuelewana.

Ras iyo hiyo ya nzi imo ndani ya binadamu. Kasoro za jeni zake zimo katika sehemu kubwa ya saratani, na hitilafu za mfululizo huo husababisha magonjwa ya kuzaliwa nayo, kama vile ugonjwa wa Noonan. Mgonjwa akiambiwa kwamba seli zake zimepokea "ishara mbaya", atabaki akijiuliza nani aliyempelekea. Akiambiwa kwamba mbiu imekwama na hailachi kulia hata baada ya mpulizaji kwenda zake, ameelezwa kilichotokea.