Kiti cha Magurudumu si Tusi

Ndugu zangu wa Nyamirambo na Kigali nzima, timu ikifungwa, makundi ya mazungumzo kwenye simu zetu hujaa vicheko. Kati ya vicheko hivyo hupenyezwa emoji ya mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, ati ndivyo wachezaji wa wenzetu wanavyokimbia. Tunacheka, tunawasambazia na wengine. Je, tumejiuliza ni nani aliyemo ndani ya kundi hilo akisoma bila kutia neno?

Emoji hiyo na nyingine za watu wenye ulemavu hazikuchorwa kwa dhihaka. Mwaka 2018 kampuni ya Apple ilizipendekeza kwa Unicode, chombo kinachosimamia alama za kompyuta duniani, ikiwa imeshauriana na vyama vya Marekani, vikiwemo vya wasioona na viziwi. Mwaka uliofuata zikatoka: fimbo nyeupe, sikio lenye shimesikio, kiziwi anayegusa sikio lake, mguu na mkono wa bandia, mbwa wa kuongoza njia. Lengo ni watu hao nao wajione kwenye simu zao. Nasi hapa Rwanda tuna sheria ya kuwalinda tangu 2007, na kati ya wabunge 80 mmoja huwawakilisha wao. Mtu mwenye kiti bungeni, wewe kiti chake cha magurudumu unakifanyia mzaha?

Wapo wasiodhihaki, ila huruma yao imepita kiasi. Dada zetu wa voliboli ya kuketi wamecheza Paralimpiki za Rio 2016, Tokyo na Paris 2024. Mchezo huo huchezwa sakafuni. Kiti cha magurudumu hakimo. Anayewapongeza kwa msururu wa viti na machozi hakuutazama mchezo. Watumie mpira na bendera, kama unavyowatumia Amavubi, timu yetu ya taifa ya soka.

Tena asiyeona husomewa ujumbe na simu yake, na simu hiyo hutaja kila emoji kwa jina. Ukitanguliza emoji ishirini za kila aina, atazisikiliza zote kabla hajajua kama ni harusi au msiba. Habari itangulie, emoji moja mwishoni yatosha.

Sisemi tuziache emoji za ulemavu, hasha. Mwenye fimbo nyeupe akiiweka kando ya jina lake, ni yake, asiulizwe. Lakini ninyi wasimamizi wa makundi, mnaofuta upesi matusi ya nguoni, futeni na kejeli hii ya kiti cha magurudumu, na aliyeituma mwambieni sababu mbele ya wote.