Tupasue Shina Kabla ya Kununua Dawa

Mkulima aonapo miche michanga ya maharage ikigeuka manjano na kunyauka, aghalabu jambo la kwanza afikirialo ni bomba la dawa. Bwana shamba naye humwunga mkono. Mimi naona fikira hiyo inaanzia mwisho wa mambo.

Mara nyingi mharibifu ni inzi mweusi wa jamii ya Ophiomyia, mwenye urefu wa yapata milimita 2 tu. Jike hutaga mayai katika majani ya kwanza, siku chache baada ya mche kuota. Funza aanguliwapo hakai sana kwenye jani. Hupitia katika kikonyo, akateremka chini ya ganda la shina hadi karibu na udongo, na hapo hugeuka pupa, yaani kijifuko kidogo cha rangi ya kahawia. Shina huvimba na kupasuka, na chakula kiendacho mizizini hukatizwa. Basi siku umanjano uonekanapo, madhara yamekwisha kutendeka. Dawa inyunyizwayo majanini wakati huo haimfikii funza. Huwafikia nyigu wadogo wamwuao funza huyo, na humfikia mama achumaye majani ya maharage kuwa mboga.

Nakiri kwamba niliporudi kutoka masomoni ng'ambo nilikuwa hodari zaidi wa kutaja majina ya dawa kuliko wa kushika jembe. Jembe, hata hivyo, lina kazi kubwa hapa. Mche uliojeruhiwa ukiinuliwa udongo shinani wiki mbili au tatu baada ya kuota, huotesha mizizi mipya juu ya jeraha, na mingi hupona. Samadi huupa nguvu ya kustahimili. Kupanda mapema, mvua zianzapo, huupunguzia mashambulizi. Dawa ikilazimu, mahali pake ni kwenye mbegu kabla ya kupanda.

Lawama nyingine ni yetu sisi walimu. Mwanafunzi huchora viungo vya panzi bila kukosea, lakini hajapata kupasua shina la harage. Katika shamba la shule, kila kikundi king'oe miche 10 iliyonyauka, kiipasue kwa wembe, kihesabu pupa na kuandika. Wasipomwona hata mmoja, waikague mizizi: huenda imeoza kwa ugonjwa wa ukungu, ambao dawa ya wadudu haiutibu kabisa.