Kisumu ya Insta na Kisumu ya Graundi: Nani Atakuambia Ziwa Liko Aje Kabla Ulipie Boti?

Likizo ikikaribia tu, simu yako inajaa video za Kisumu. Droni inapita juu ya maji ya bluu, jua linazama pale Hippo Point kama limechorwa, msupa ameketi mbele ya boti na miwani yake, na pembeni kuna sahani ya ngege imelalia ugali. Unatuma doh ya kubuki, unapanda basi usiku mzima, unafika. Kumbe ghuba yote imegeuka kijani kama uwanja wa mpira. Magugu maji. Boti iko, lakini haisongi.

Wasee wa Kisumu hawashangai, wameyaona haya tangu utotoni. Anayeshangaa ni wewe uliyetoka Nairobi ama Eldoret na chapaa ya kuweka akiba miezi mitatu. Na swali ni rahisi: mbona hakuna aliyekuambia?

Magugu si siri

Hii mimea ilianza kusumbua upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufikia 1998 ilikuwa imefunika karibu hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Meli zilishindwa kutia nanga, wavuvi wakabaki kuangalia tu. Serikali na watafiti wakaleta wadudu wadogo wa kuyala, na hali ya hewa ikasaidia, yakapungua. Lakini 2006 na 2007 yakarudi, na tangu hapo ni kuja na kuenda. Sababu inajulikana: ghuba haina kina kirefu, mlango wake ni mwembamba, na mito inaleta mbolea ya mashamba huku mji ukileta maji taka. Kwa magugu, hiyo ni bafe.

Kitu wageni wengi hawajui ni kwamba magugu yanaelea. Upepo ukigeuka, yanahama. Asubuhi Dunga inaweza kuwa safi kama kioo, jioni hupati hata nafasi ya kutumbukiza kasia. Kwa hivyo ile video uliyoona pengine si feki. Ilipigwa kweli, hapo hapo. Shida ni kwamba ilipigwa siku nyingine, na hakuna aliyeandika tarehe. Picha ya kweli bila tarehe inaweza kukudanganya vizuri kuliko uongo wenyewe.

Hata wenye theluji hufanya hivyo

Usidhani ni tabia ya Kisumu pekee. Huko Marekani kuna hoteli za milimani ambazo watu huenda kuteleza kwa theluji. Kila siku hoteli yenyewe ndiyo hutangaza theluji ngapi imeanguka. Wachumi wawili wa chuo cha Dartmouth, Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz, waliamua kuangalia hizo ripoti. Wakapata kitu cha kuchekesha: kulingana na hoteli, theluji hupenda wikendi. Kwenye toleo la kwanza la utafiti wao, la 2009, ripoti za wikendi zilikuwa na theluji mpya kwa asilimia 23 zaidi ya siku za kazi.

Sasa manze, mawingu yanajua aje kwamba ni Jumamosi? Hayajui. Anayejua ni mwenye hoteli, kwa sababu wikendi ndiyo wateja huamua waende mlima gani. Na waliokuwa na faida kubwa zaidi ya kuongeza chumvi ndio waliongeza zaidi.

Lakini sikia kilichowanyoosha. Programu moja ya simu ilianza kuruhusu wateja kuripoti wenyewe, wakiwa hapo hapo mlimani. Uongo ukashuka haraka, hasa kwenye milima yenye mtandao mzuri wa simu. Hakuna sheria mpya iliyopitishwa wala mtu aliyeshikwa. Watu walianza kuambiana tu.

Anayeumia si mgeni pekee

Turudi Kisumu. Ni rahisi kumlaumu mwenye boti, lakini hebu fikiria hesabu yake. Petroli ni yake, injini pengine ni ya mkopo, na siku ikipita bila abiria hakuna cha kupeleka nyumbani. Akikuambia "leo ziwa limefunga, kuja Alhamisi", wewe unahamia kwa jirani yake ambaye atasema kuko sawa. Mkweli analala njaa, muongo anakula mbuta. Mambo yakienda hivyo, hata mtu mzuri anajifunza kunyamaza. Na mgeni aliyechomwa harudi, tena anaenda kuambia mbogi yake yote kwamba Kisumu ni hewa. Hapo wote wanalipa, hata yule aliyesema ukweli.

Kuna pia mambo mazito kuliko kukosa picha. Kisumu, mvua ya radi hupenda kuja alasiri na jioni, saa zile zile za kuuza safari ya kuangalia jua likizama. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Uganda, Mukono, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Zaidi ya 30 walikufa. Serikali ya huko ilisema haikuwa na leseni. Waliopanda walikuwa wameenda pati tu, kama vile wewe unavyoenda.

Halafu kuna kuogelea. Takawiri, kule karibu na Mbita, kuna mchanga mweupe kweli, na picha zake zinabamba. Lakini ufuo wa ziwa hili una kichocho, yaani bilhazia, inayotoka kwa konokono wa maji. Ina dawa, na si lazima uogope ziwa. Ila tangazo linalokuonyesha watu wakiruka majini bila kutaja hilo limekuuzia nusu ya habari.

Sheria iko, simu pia iko

Katiba, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Mamlaka ya Ushindani ina nguvu dhidi ya matangazo ya kupotosha. Lakini tuseme ukweli, nani atapeleka kesi juu ya boti iliyokwama kwa magugu?

Dawa ya haraka ni ile ya theluji. Kamati za ufuo, zile BMU, ziko kila biichi, na kila mvuvi ana simu. Picha moja kila asubuhi, yenye tarehe na saa, ikionyesha maji yako aje. Haigharimu kitu. Idara ya Hali ya Hewa nayo hutoa utabiri wa ziwa, kwa hivyo mwenye hoteli anaweza kuubandika pale mapokezi kando ya menyu. Na siku magugu yamefunga, uza kitu kingine: ndege wa Dunga kwenye mafunjo, samaki, stori za wazee wa Nam Lolwe. Mgeni aliyeambiwa mapema hakasiriki, anapanga upya.

Nawe kabla utume doh, usiulize "kuko sawa?" Hilo swali lina jibu moja. Sema: "Nitumie video ya sasa hivi, nione ziwa na saa." Ukifika, uliza jaketi ya kuokolea iko wapi kabla ya kuuliza bei. Na ukiposti, weka tarehe. Hata kama yamejaa magugu, posti tu. Kuna mtu Kitale yuko karibu kubonyeza kutuma.

Je, umewahi kufika Kisumu ukapata ziwa limefunga? Mwenye boti alikuambia mapema ama ulijionea mwenyewe?