Msiniambie Nitapata Mwingine

Mtu wa kwanza kuniambia "utapata mwingine" alikuwa nesi, na sindano ilikuwa hata haijatoka. Wa pili ni shangazi, kwa simu. Wa tatu ni rafiki yangu wa tangu kidato cha kwanza, aliyetuma kwa WhatsApp pamoja na kapicha ka mtoto amelala. Kufikia saa mbili usiku walikuwa sita. Sasa ni miezi mitano, nimeigeuzageuza hiyo sentensi kama nguo ya Gikomba na sijapata mahali inanitosha. Leo nawarudishia wenyewe.

Lakini kwanza mjue nilivyofika kwa hiyo sindano, maana hasira yangu ilianzia huko.

Mimi huandika kwa kulipwa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kuonekana, na tangu hapo nimekula kutokana na makala za watu, maelezo ya bidhaa na, siwezi danganya, kazi za darasani za wanafunzi wa ng'ambo. Mnaijua hiyo biashara. Kuna ploti nzima Roysambu zinalipiwa kodi nayo. Mwaka jana nilipata oda ya mwanafunzi wa unesi huko Marekani: kurasa sita juu ya mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Nilisoma usiku mzima. Niliandika kwamba kati ya mimba mia moja, moja au mbili hutunga mahali pasipofaa, na kwamba zaidi ya tisini katika mia za hizo hukwama kwenye mrija. Niliandika dalili zote: hedhi kuchelewa, maumivu ya upande mmoja, damu kidogo, kizunguzungu, na ile ya ajabu ya maumivu kwenye ncha ya bega, ambayo huja damu ikishaanza kuvujia tumboni. Nililipwa dola 24.

Februari nikapata maumivu upande wa kushoto, chini ya kitovu, na damu kidogo ya rangi ya kahawia ambayo nilisema ni hedhi imechelewa. Nikalaumu maharagwe. Siku ya pili nikaenda kliniki ya mtaani, ile unapanda ngazi za chuma kuifikia. Daktari, ama yule aliyevaa koti jeupe, aliniuliza kama huwa nachemsha maji ya kunywa. Akanitoa damu. Baada ya dakika ishirini nikawa na taifodi. Nchi hii kila mtu ana taifodi hadi ithibitishwe vingine. Elfu moja mia nane, antibaiotiki za siku saba, pole sana.

Hakuuliza hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini. Na mimi, mtaalamu wa dola 24, sikumwambia. Haikunijia kabisa kwamba zile kurasa sita zinaweza kuwa zinanihusu.

Siku ya nne maumivu yaliniamsha saa tisa usiku. Jamaa wangu alishuka kwa kemisti inayokesha, akarudi na Panadol na, sijui nani alimtuma, kipimo cha mimba cha shilingi 50. Mistari miwili. Kulipokucha tukaenda hospitali ya maana, nikapigwa picha ya tumbo, mji wa mimba ulikuwa mtupu, na kwenye mrija wa kushoto kulikuwa na kitu. Daktari alizungusha skrini nione. Nilikuwa na bahati: mrija haukuwa umepasuka, moyo haukuonekana ukipiga, na homoni ya mimba kwenye damu ilikuwa 2,140. Hivyo dawa ingeweza kufanya kazi bila kisu.

Kipimo cha shilingi 50. Hiyo ndiyo tofauti kati ya taifodi na ukweli. Mwanamke wa umri wa kuzaa akiingia kliniki akishika tumbo, apimwe mimba kabla ya kitu kingine chochote. Awe ameolewa, awe mtawa, awe anaapa hajamwona mwanaume tangu uchaguzi. Hiyo haihitaji mashine wala daktari bingwa, ni kikombe cha mkojo na dakika tano.

Sasa hebu tuongee kuhusu jina. Kwa Kiswahili cha mtaani huu ugonjwa unaitwa "mimba ya nje". Nilimpigia shangazi, kwa sababu mama ana presha na sikutaka kumshtua, nikamwambia, "Shangazi, nimelazwa, nina mimba ya nje." Kimya. Halafu: "Ya nje na nani?" Alidhani nimezini. Sijaolewa, tunaishi tu na huyu jamaa, na bado shangazi alipata njia ya mimi kumkosea mume. Nilicheka hadi nesi akanikataza, maana kucheka kulikuwa kunauma. Lakini kwa wiki nzima niliona vile hilo neno linafanya kazi yake. Kila niliyemwambia alianza kutafuta kosa langu. Ni zile P2. Ni kuinua mitungi ya maji. Ni kukaa na mwanaume bila baraka za wazee. Daktari aliniambia yale yale niliyomwandikia yule Mmarekani: maambukizi ya zamani kama klamidia na kisonono yanaweza kuacha makovu kwenye mirija, upasuaji wa awali pia, sigara pia, lakini karibu nusu ya wanaoipata hawana sababu yoyote inayojulikana. Mimi niko kwa hiyo nusu. Watu hawaipendi hiyo nusu. Hawana pa kukubandika.

Dawa inaitwa methotreksati. Ni dawa ya kansa na ya baridi yabisi pia. Inazuia chembe zinazogawanyika kwa kasi zisiendelee, ndiyo maana inaisimamisha mimba. Hospitalini haikuwepo siku hiyo, kwa hivyo jamaa wangu alipewa karatasi akazunguke nayo mjini. Kemisti ya tatu, yule mwuzaji alisoma karatasi, akamwangalia, akasema, "Hii ni ya kutoa?" Jamaa wangu si mtu wa maneno. Aliondoka.

Basi nimjibu mimi. Mimba iliyo kwenye mrija haiwezi kuhamishwa ikapandwa ndani. Haiwezi kukua ikawa mtoto mrijani. Ikiachwa, mrija unaweza kupasuka na mama akavuja damu kwa ndani hadi afe. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 26(4), inaruhusu pale mtaalamu wa afya anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini. Hakuna mahali wameandika kwamba mwenye kemisti apige kura. Ilipatikana kemisti ya tano, na haikuwa hata ghali.

Nililazwa siku mbili waone kama nitatulia. Wadi yenyewe ilitenganishwa na ya akina mama waliojifungua kwa ukuta wa mbao. Sitasema zaidi. Ukisikia mtoto akilia saa kumi alfajiri ukiwa na hiyo dawa mwilini, utajua kwa nini naomba, kwa heshima zote, wajenge ukuta wa mawe.

Kitanda cha pili alikuwa dada anayeuza nguo Githurai. Yeye mrija ulipasuka akiwa kazini. Hospitali ya kwanza walitaka deposit kabla ya kumgusa, na kifungu cha 43 cha Katiba hiyo hiyo kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Wenzake wa sokoni walichanga, lakini si pale, walimchangia teksi ya kumleta hapa. Alifanyiwa upasuaji usiku, mrija ukatolewa, akaongezewa damu. Asubuhi alikuwa bado hajaamka vizuri mumewe alipokuja. Kitu cha kwanza alichomuuliza daktari, nikisikia, ni hiki: "Ataweza kuzaa tena?"

Si ataamka saa ngapi. Si anahisi maumivu. Daktari akamjibu kwamba mrija mmoja umebaki, na mtu akageuka kwa yule dada aliyekuwa anafungua macho, akamwambia, "Umesikia? Utapata mwingine."

Hapo ndipo nilipoielewa hiyo sentensi. Nilikuwa nimedhani ni ya kunifariji, kumbe ni ya kuwafariji wao. Familia inahesabu mali iliyobaki baada ya moto, na wewe ndiye ghala. Ndiyo maana inakuja haraka hivyo, kabla hata ya "pole". Na ndiyo maana ukishaambiwa huwezi kulia tena, kwa sababu utaonekana unakataa riziki.

Najua kuna wanaosema niache kulalamika, watu wanamaanisha mema. Nakubali wanamaanisha mema. Na wako wenye maneno kinyume: "Afadhali tu, hamkuwa mmepanga." Kweli, hatukuwa tumepanga. Hiyo mistari miwili ningeiona kwa amani nyumbani ningeogopa, ningehesabu kodi, pengine ningelia. Lakini hakuna aliyenipa nafasi ya kuogopa kama mtu wa kawaida. Nilijua nina mimba na kwamba haiwezi kukaa ndani ya masaa sita hivi. Inawezekana kumlilia mtu ambaye hukumpangia. Sijui kwa nini hili linahitaji maelezo.

Baada ya sindano kulikuwa na wiki sita ambazo hakuna anayezitaja. Siku ya nne homoni ilipanda, 2,600, na nikadhani dawa imekataa. Kumbe mara nyingi hupanda kwanza. Siku ya saba lazima iwe imeshuka angalau asilimia 15 kutoka ile ya siku ya nne. Yangu ilikuwa 2,010. Halafu kila wiki damu, kila wiki elfu mbili na mia tano, hadi ifike chini ya 5. Brufen hapana. Pombe hapana. Jua kali hapana, na mimi naishi ploti ya juu kabisa chini ya mabati. Vidonge vya foliki hapana, kwa sababu vinaipinga dawa, na nesi akaongeza nipunguze mboga za kijani na maharagwe. Sista, nikimwambia, ukitoa sukuma na maharagwe kwa sahani yangu hapo umeniachia ugali na Mungu.

Katika wiki hizo sita, wale watu sita wa "utapata mwingine" walinipigia mara ngapi? Mama, ambaye hatimaye aliambiwa, alipiga kila jioni na hakuwahi kuisema. Aliuliza, "Umekula?" Wiki ya tatu alinitumia elfu mbili na mia tano bila maelezo. Sijui alijuaje bei.

Sasa, tumaini. Sisemi halipo. Nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa pesa na mara ya pili kwa ajili yangu. Wengi waliopitia hapa, zaidi ya nusu, hupata mimba iliyokaa mahali pake ndani ya miaka miwili. Takriban mmoja kwa kumi anaweza kurudiwa na hii. Mrija mmoja ukibaki unaweza hata kulidaka yai la upande ule mwingine, jambo ambalo yule dada wa Githurai hakuelezwa na nikamwelezea mimi, dropauti, tukigawana chai ya hospitali. Baada ya methotreksati unangoja miezi mitatu hivi kabla ya kujaribu. Na mimba inayofuata inahitaji picha mapema, karibu wiki ya sita, waone imekaa wapi.

Hilo ndilo tumaini ninalolitaka, lenye tarehe na bei. Ukinipenda, niulize kipimo cha wiki hii kimesomaje. Nisindikize foleni ya picha, kwa sababu tunapangwa benchi moja na wenye matumbo ya miezi minane. Kama wewe ni mwanaume na una klamidia ambayo haijakusumbua, nenda utibiwe na umwambie unayelala naye, hiyo itasaidia mirija mingi kuliko maombi yako ya kwa status. Na kama huna la kufanya, sema pole, halafu nyamaza. Pole ni neno zuri sana. Tunalipoteza kwa watu waliojikwaa.

Sijui kama nataka mtoto mwaka huu. Nikiulizwa na mtu anayengoja jibu, nitamwambia hivyo hivyo. Miezi mitatu imeshaisha, na daktari akasema sasa naweza kuanza vidonge vya foliki nikitaka. Nimevinunua, viko juu ya friji ya jirani kwa sababu kwangu kuna joto. Nimefungua pia akiba ya kufungwa kwa M-Shwari ya ile picha ya wiki ya sita, iwe mwaka huu au mwaka kesho kutwa. Kila oda ikilipwa natoa mia mbili naweka. Jana ilikuwa elfu mbili na mia nane.